Fomu ya Uanachama Iongee Kama Sisi

Jumuiya zetu nyingi za ughaibuni, ziwe za kuzikana, za wanafunzi au za madarasa ya watoto, siku hizi huandikisha wanachama kwenye tovuti. Nyingi hutumia WordPress na kuongeza programu-jalizi ya uanachama. Inakuja na fomu tayari, ila fomu hiyo ilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Hapa Qantab tuliyaona katika kikundi chetu cha wazazi. Fomu ilidai jina la mwisho. Huyu akaandika kabila, yule jina la babu, na ndugu wa tumbo moja wakawa kama hawajuani. Kisha ada. Riali ya Oman ina baisa 1000, kwa hiyo riali 1 na baisa 125 ni 1.125. Fomu yenye desimali mbili huandika 1.13. Mama anayehesabu baisa zake akiona hivyo huingiwa na shaka, huweka simu chini, na tangazo la msiba au la darasa halimfikii.

Kijana aliyetusaidia mwanzo alirekebisha mafaili ndani ya folda ya programu yenyewe. Ikapendeza, hadi sasisho lilipokuja likaandika folda yote upya. Kiswahili chetu kikafutika.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usiguse faili la asili, hariri nakala. Kwa mfano, Paid Memberships Pro huweka kurasa zake katika folda iitwayo pages, na ukurasa wa kujiunga ni checkout.php. Tengeneza kwanza mandhari-mtoto, yaani mandhari ndogo inayorithi ile kubwa, ambayo masasisho hayaifuti. Ndani yake fungua folda paid-memberships-pro, na ndani ya hiyo folda pages. Nakili faili humo. Tovuti itasoma nakala yako badala ya la asili.

Ukifungua nakala, badilisha maneno yanayosomwa na watu tu. «Jina la mwisho» liwe «Jina la baba na babu» au «Kabila», mtakavyokubaliana. Majina yanayoanza na alama ya dola, na sehemu zilizofichwa za usalama, ziache zilivyo. Jihadhari na ritifaa: neno kama ng'ambo likiwa ndani ya alama moja za kunukuu, PHP hudhani sentensi imeisha na ukurasa hugoma. Weka mkwaju wa nyuma kabla yake: ng\'ambo.

Desimali hupangwa kwenye sehemu ya sarafu. Hapo ongea kwanza na wanaowapokelea malipo, maana bei inayoonyeshwa na inayokatwa lazima zilingane.

Kila sasisho kubwa likija, linganisha nakala yako na faili jipya. La asili huenda limezibwa tundu la usalama, na yako bado inalo.

Wanafunzi, kazi hii ni saizi yenu. Jumuiya ya nyumbani haihitaji mhandisi, inahitaji mtu wa kukaa nayo jioni mbili tatu. Mkimaliza, mpeni bibi simu ajiandikishe mwenyewe, nanyi mnyamaze. Pale atakapouliza, «Hapa niandike nini, mwanangu?» ndipo pa kurekebisha.