Ukienda kununua gitaa la besi, nenda na sikio

Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, mama mmoja wa mtaa wa Umoja alinisimamisha akiwa na simu mkononi. Mwanawe yuko kidato cha tatu na amempata mtu anayeuza gitaa la besi pamoja na amplifaya yake. Muuzaji alikuwa ametuma video. "Mwalimu, hebu sikiliza mwenyewe. Si ni zuri?"

Nikasikiliza. Nilisikia vidole vikigonga nyuzi, lakini besi yenyewe sikuisikia, wala si ajabu. Uzi mnene kabisa wa besi, ule wa E, hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu, ambayo haizidi ukubwa wa ukucha, haina uwezo wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Gitaa la besi halinunuliwi kwa simu, msomaji wangu, sawa na vile pilau haionjwi kwa picha. Nilimwomba mama asitume hata shilingi moja kwa M-Pesa hadi yeye na mwanawe walishike gitaa lenyewe, likiwa limeunganishwa na amplifaya, katika nyumba yenye umeme.

Mama aliniona mkali. Ukali wangu una kisa chake, nami nitakusimulia kabla hatujaachana leo.

Kwanza chombo chenyewe. Gitaa la besi kama tunavyolijua lilitolewa na Mmarekani Leo Fender mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alikumbatia ile besi kubwa ya kusimama, iliyompita urefu, isiyo na vyuma shingoni, na ilimchukua miaka kuzoea mahali pa kubonyeza. Fender alipanga vile vyuma vyembamba, freti, kwenye shingo, akaliita gitaa lake Precision, yaani usahihi. Bonyeza nyuma ya freti na sauti itoke sawa, hata kama ulianza kujifunza jana. Ahadi hiyo ya usahihi ndiyo utakayoipima siku ya kununua.

Sisi huku hatuna haja ya kuhubiriwa kuhusu besi. Benga, iliyozaliwa pande za Ziwa Viktoria na watu walioufanya mlio wa nyatiti kuwa mlio wa gitaa, haisimami bila besi inayoruka na kujibizana na gitaa la kwanza. Wasikilize D. O. Misiani na Shirati Jazz. Na "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi ambalo Tommy Malanga alilipigia besi, mimi huanza kuitoa besi yake kwa mdomo kabla sijakumbuka maneno.

Haya, umefika kwa muuzaji. Usiulize bei kwanza. Lishike gitaa kama seremala anavyoshika ubao, funga jicho moja, uitazame shingo kutoka kichwani hadi tumboni. Kupinda kidogo sana kwa kufuata mvuto wa nyuzi si neno. Kujisokota, upande mmoja ukaenda juu na wa pili chini, hilo ni gonjwa, na aghalabu dawa yake ni ghali kuliko gitaa. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame katikati. Nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ikitoshana na unene wa kadi ya biashara, shingo ni njema. Ikiwa nafasi ni kubwa, ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayorekebishwa kwa spana ndogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Muuzaji akikuambia spana hiyo "imegoma", mshukuru kwa chai uende zako.

Baada ya hapo piga kila freti ya kila uzi. Nyuzi nne mara freti 20 ni mahali 80, kazi ya dakika chache tu. Panapokoroma, kumbuka. Zungusha vitufe vya sauti vilevile. Vikikwaruza ni vumbi, jambo dogo. Magitaa mengine hutumia betri ya volti 9 ndani yake, na betri ikiisha gitaa hunyong'onyea ukadhani limeharibika. Ukishalinunua la aina hiyo, chomoa waya kila unapomaliza kupiga, maana waya ukibaki ndani betri huendelea kuliwa usiku kucha.

Nyuzi kuukuu zisikutishe. Wengine huzichemsha majini kama viazi zikapata uhai wa siku kadhaa. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi zake isipokuwa uzi ukikatika, na kwa kupiga kwa kidole kimoja tu. Lakini mtoto wako asitumie neno hilo kukwepa kujifunza kidole cha pili! Na kama mtoto ni mdogo wa mwili, ulizia besi ya shingo fupi, ambayo nyuzi zake ni inchi 30 badala ya 34 za kawaida. Mkono wake utakushukuru.

Sasa sikiliza jambo ambalo nisingependa ulisahau hata ukisahau mengine yote. Freti ya kumi na mbili iko nusu ya urefu wa uzi. Gusa uzi kidogo tu, bila kuukandamiza, juu ya freti hiyo hasa, upige. Utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha bonyeza uzi sawasawa kwenye freti hiyohiyo upige tena. Sauti hizo mbili sharti zilingane. Kama sikio lako halijakomaa, kuna programu za bure za simu za kupimia nyuzi, na kwa kazi hii simu inafaa. Fanya hivyo kwa nyuzi zote nne. Zisipolingana, gitaa hilo litasema uongo kila mpigaji anapopanda shingoni, na atakayelaumiwa si gitaa.

Tuje kwenye amplifaya, maana hapo ndipo fedha za watu huungua, tena kwa moshi. Amplifaya nyingi za mitumba zimetoka ng'ambo. Ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120, ya Japani volti 100. Umeme wetu ni volti 240. Ichomeke kwenye soketi ya Nairobi na utasikia mlio mmoja mfupi, kisha harufu. Geuza amplifaya utazame nyuma, karibu na mahali pa waya wa umeme, pameandikwa volti ngapi. Nyingine zina swichi ya kuchagua. Hakikisha iko upande wa 230 au 240. Nyingine zinahitaji transfoma ya kupunguza umeme, na transfoma hiyo iwe na uwezo wa kupita wati ambazo amplifaya inakula. Bei ya transfoma ihesabu ndani ya bei ya amplifaya, usije ukajidanganya kwamba umeokota.

Halafu kuna ule mtindo wetu wa kalamu. Unaujua. Plagi ni ya miguu miwili, soketi ni ya matundu matatu, basi mtu anasukuma kifuniko cha kalamu katika tundu la juu ili plagi iingie. Hata mbele ya madhabahu nimeona ukifanywa. Tundu hilo la juu ni la waya wa ardhini, unaoupitisha umeme uliopotea njia uende zake bila kupitia kwako. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma zilizounganishwa na amplifaya, na akiimba midomo yake hugusa chuma cha maikrofoni. Vyombo viwili visipokuwa na ardhi nzuri, yeye ndiye waya. Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows la Scotland, alikufa jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhini. Amplifaya iliyokatwa mguu wa ardhini usiinunue hadi fundi wa umeme airudishie waya wa nyaya tatu na plagi yake.

Ukubwa je? Kwa mazoezi ya chumbani wati 15 hadi 30 zinatosha kuwaudhi majirani wa ghorofa nzima. Ukitaka kusikika mbele ya ngoma, panda hadi 200 au 300, kwa sababu sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini na besi hula nguvu nyingi kuliko gitaa la kawaida. Usiichomeke besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa ukaifungulia hadi mwisho. Karatasi ya spika itapasuka, na utakuwa umekwenda Luthuli Avenue kutafuta spika badala ya kwenda kwa mwalimu. Na ukiongeza sanduku la pili la spika, soma omu. Masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba, kama kawaida yanavyounganishwa, huwa omu 4. Mawili ya omu 4 huwa omu 2, na amplifaya nyingi hazistahimili hapo. Umeme ukipotea, zima swichi, usingoje urudi kwa kishindo.

Nimekuambia vya kutosha kuhusu kununua. Kuhusu kuuza, nina deni.

Nilikuwa na gitaa jekundu la besi nililonunua kwa bendi iliyokuwa ikivunjika. Uzi wake wa A ulikuwa na matata. Ukiwa wazi, sawa kabisa. Ukipanda shingoni, unakwenda juu kuliko wenzake, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi. Mimi nililijua jambo hilo na nikajifunza kulikwepa: katika uzi ule sikuvuka freti ya tano. Karo ya binti yangu ilipofika, nikaliuza. Aliyekuja ni barobaro wa mwaka wa kwanza chuoni, aliyekuwa amesaidia shangazi yake kuuza mitumba likizo nzima ili apate fedha hizo. Alipiga sauti tatu nne za chini, akatabasamu. Akaniuliza, "Mzee, halina shida yoyote?" Nikamjibu, "Ni gitaa zuri." Akahesabu shilingi 14,000 mezani, noti nyingi zikiwa za mia.

Baada ya miaka kama miwili tulikutana kwenye matatu ya Thika Road. Alinisalimu kwa heshima. Nikamuuliza besi inaendeleaje.

"Niliacha, mzee," akasema. "Kwaya walinivumilia mwaka mzima. Kila nikipanda juu natoka nje, na mimi mwenyewe nasikia natoka, lakini sijui kujirekebisha. Mwishowe nikakubali sina sikio."

Tulikuwa Allsops. Yeye alishuka Githurai. Nilikuwa na mwendo huo wote wa kumwambia ukweli, na foleni ilikuwa ndefu jioni ile. Sikusema. Nilimwuliza habari za masomo.

Ndipo nikamwendea fundi mmoja wa magitaa, nikamweleza ule uzi wa A kana kwamba ni wa gitaa la mtu mwingine. Hakutafuta maneno mengi. Alichukua besi iliyokuwa mezani, akanionyesha kule chini, kwenye daraja, jinsi kila uzi unavyolala juu ya kikalio chake kidogo cha chuma, na nyuma ya kila kikalio kuna skrubu. Akaingiza bisibisi, akazungusha, kikalio kikasogea. Bila shaka mtu aliwahi kubadilisha nyuzi akaweka za unene mwingine, au alichezea skrubu bila kujua kazi yake. Kulirekebisha ni dakika kumi. Nililiona gitaa lile kuwa bovu miaka mitatu, nikalificha ubovu wake, na wala halikuwa bovu.

Na yule kijana aliyeambiwa hana sikio ndiye aliyekuwa akisikia. Mtu asiye na sikio angepanda hadi freti ya kumi na mbili akitabasamu.

Siku hizi nikiuza kitu huandika kasoro zake kwenye karatasi na kumpa mnunuzi kabla hajauliza: spika iliwahi kushonwa, kitufe cha tatu hakifanyi kazi, fyuzi hubadilishwa mara kwa mara na sababu sijaipata. Nimepoteza wanunuzi wawili kwa karatasi hizo. Wa tatu alipunguza bei akachukua. Mama wa Umoja nimemwandikia karatasi ya aina hiyo aende nayo kwa muuzaji, ajaze mwenye mali.

Kijana wangu nilimtafuta. Nambari yake ya simu ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Mwenzake wa kwaya aliniambia gitaa aliliuza kwa bei ya chini kwa mtu aliyekuwa akihamia Nakuru, na yeye mwenyewe alipata kazi mbali na jiji. Ikiwa unasoma ukurasa huu, kijana, ulisikia sawasawa.

Na wewe uliye na gitaa hilo, popote lilipo: ni jekundu, lina mkwaruzo mrefu mgongoni karibu na kishikio cha mkanda. Tafuta bisibisi ndogo. Kikalio cha uzi wa A kisogeze nyuma, kiende mbali na shingo, kidogo kidogo. Kila ukisogeza, rekebisha uzi upya, kisha ujaribu tena freti ya kumi na mbili.