Muziki bila mwimbaji? Nenda Chennai ukaone!

Leo nina ugomvi kidogo na wale jamaa zangu wanaosema muziki bila mwimbaji ni sawa na pilau bila nyama.

Nilikuwa mmoja wenu, sikatai. Bendi ikianza kupiga ala tupu, mimi huyo, nakwenda zangu kutafuta mishikaki. Lakini yaliyonikuta Chennai, ule mji wa Kusini mwa India ambao hadi mwaka 1996 ulikuwa ukiitwa Madras, yamenifunga mdomo.

Kule sikwenda kutalii, niseme ukweli. Nilimsindikiza shangazi yangu kwenye matibabu ya moyo, kama wanavyokwenda Watanzania wengi. Upasuaji ulikwenda salama, Mungu mkubwa. Kasheshe likaja baadaye. Shangazi, ambaye nyumbani ndiye msemaji mkuu wa ukoo, akanyamaza jii! Kutwa yuko kitandani kwenye nyumba ya wageni, anaangalia pangaboi. Ukimuuliza kitu, jibu ni "mmh". Daktari akasema moyo uko sawa, atembee taratibu, achangamke, bado wiki mbili aonwe tena ndipo apande ndege. Achangamke na nini, bwana, mtu hajui hata neno moja la Kitamil?

Aliyetuokoa ni mzee mwenye nyumba. Yeye alikuwa akimwita shangazi "Amma", yaani mama kwa lugha yao. Akasema, "Amma, huu ni mwezi wa Desemba. Mtu hawezi kuja Chennai Desemba akaondoka bila kusikiliza muziki. Kesho nawapeleka mwenyewe."

Na kweli, msomaji, Desemba pale mji mzima ni muziki. Kuanzia katikati ya mwezi huo mpaka Januari, kumbi zinapiga maonyesho asubuhi, mchana na jioni. Mengi ya mchana ni bure kabisa, wanapewa vijana wajaribiwe. Jioni ndiyo zamu ya mabingwa, na hapo unakata tiketi. Ukumbi wenye jina kubwa kuliko yote ni wa Music Academy, chama kilichoanzishwa mwaka 1928. Mwaka 2017 UNESCO nayo ikaiweka Chennai kwenye orodha yake ya miji ya muziki duniani.

Sisi tulipelekwa kwenye kiukumbi cha mtaani tu. Wanawake wamevaa sari za hariri na asumini kichwani, ungedhani uko Unguja kwenye harusi. Nje kuna kantini ambayo wengine, asikwambie mtu, ndiyo inayowaleta. Kuna idli, kama vitumbua vyeupe vya mvuke visivyo na sukari, unachovya kwenye mchuzi wa dengu. Kuna dosa, mkate mwembamba kama karatasi. Kuna kahawa ya maziwa yenye povu. Nikajisevia.

Tukaingia ndani. Wapigaji wote wamekaa chini, kama watu wa jamvini. Mwenye fidla, mwenye filimbi ya mwanzi, na mwenye veena, ambayo ni kama gitaa refu lenye tumbo la mti, unalilaza mbele yako. Pembeni mwenye mridangamu, ngoma ya kulaza inayopigwa pande mbili. Na wa mwisho, usicheke, kakumbatia chungu. Chungu hasa, cha udongo, mdomo wa chungu umegeuzwa tumboni kwake.

Mwimbaji? Hayupo. Nikamuuliza mzee, "Anachelewa?" Akacheka. "Haji. Leo wanaimba hawa."

Ndugu zangu wa Visiwani wataniambia, mbona taarab ya asilia inafunguliwa na bashraf, nayo ni ala tupu? Sawa, lakini bashraf ikiisha mwimbaji anatoka. Pale saa mbili na nusu zilipita na mwimbaji hakutoka!

Mzee akanieleza kwamba kwao sauti ya mtu ndiyo mfalme. Nyimbo zenyewe zilitungwa ziimbwe. Mtunzi wao mkubwa, Tyagaraja, alifariki mwaka 1847 na mpaka leo hakuna jioni inayopita bila utunzi wake. Anayejifunza fidla anaanza kwa kuimba, ndipo ashike upinde. Na siku ya mwimbaji, mwenye fidla kazi yake ni kumfuata nyuma nyuma kama mtu anayebeba mkoba wa bosi. Sasa ikifika siku ya ala tupu, mbeba mkoba anakaa kiti cha mbele. Ndiyo maana maonyesho hayo si mengi kama ya waimbaji, na yana wapenzi wake wanaoyatafuta kwa tochi.

Mmoja wa waliowapa wapiga ala heshima hiyo ni bingwa wa fidla Lalgudi Jayaraman, aliyeishi kati ya 1930 na 2013. Mwaka 1966 alianzisha mtindo wa kuweka fidla, filimbi na veena safu moja, filimbi ikishikwa na N. Ramani. Watu wakaona kumbe inawezekana.

Fidla yenyewe, kwa taarifa yako, ni mgeni kwao. Ilikuja na Wazungu, na Mhindi anayetajwa kuitia kwenye muziki huo ni Baluswami Dikshitar, miaka mia mbili hivi iliyopita. Lakini wameifanya yao. Hawaiweki begani wima kama wapigaji wa taarab. Kichwa cha fidla kinashuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, mkono unateleza huru. Usipoangalia vizuri utadhani ni mtu analia.

Sasa utamu wenyewe. Hakuna karatasi ya nota mbele yao. Mwenye filimbi anatupa kipande, mwenye fidla anakidaka, anakigeuza na kumrudishia. Mwenye veena anaingilia kati kama mtu mzima anayesuluhisha. Wanatazamana, wanatingisha vichwa, mara mmoja anacheka kwa sababu mwenzake kamchomekea kitu ambacho hakukitegemea. Ukinunua kaseti au ukisikiliza kwenye simu, utapata sauti. Yale macho hutayapata, na nusu ya mazungumzo iko machoni.

Mzee akatufundisha kuhesabu. Piga kofi pajani, halafu kidole cha mwisho, cha pete, cha kati; hizo nne. Kisha kofi, geuza kiganja. Kofi, geuza kiganja. Jumla nane, unarudi mwanzo. Ukumbi mzima unahesabu hivyo, watu wazima na vitoto. Mimi nilipotea mara kumi. Shangazi nikamwona vidole vinatembea juu ya goti, kimya kimya. Hakupotea hata mara moja. Nikakumbuka huyu enzi zake alikuwa hakosi kidumbak.

Halafu ikafika zamu ya ngoma. Fidla, filimbi na veena zinanyamaza, mridangamu na chungu vinabaki peke yao. Na hapo ndipo nilipoona jambo la aibu. Watu wakaanza kuinuka, wanakwenda kunywa kahawa! Mzee akasema ni ugonjwa wa siku zote. Mtu kampigia mwenzake ngoma saa nzima, ikifika dakika yake ya kusikilizwa, viti vinaachwa wazi. Nami, sikufichi, nikaona nafasi ya kuongeza dosa moja. Nikainuka.

"We! Unakwenda wapi? Kaa chini!"

Ilikuwa sauti ya shangazi. Sentensi yake ya kwanza ndefu baada ya siku tisa. Nikakaa.

Usiombe, bwana. Mridangamu inasema, chungu kinajibu. Kwanza maneno marefu, kisha mafupi, kisha mafupi zaidi, mpaka ikawa kama kugombana. Mwenye chungu anakisogeza tumboni, sauti inakuwa nzito. Anakiachia, inakuwa nyembamba. Mara wakaungana, wakapiga kipande kimoja mara tatu sawasawa, na fidla ikadakia pale pale, bila kukosea hata nukta. Waliobaki ukumbini tukapiga makofi mpaka mikono ikauma.

Vyungu hivyo vinavyosifika vinatoka Manamadurai, mji mdogo karibu na Madurai. Bingwa wake T. H. Vinayakram, maarufu kama Vikku, alikipeleka duniani. Yumo kwenye albamu ya Planet Drum ya mwaka 1991, iliyoshinda Grammy. Lakini kisa kilichomfurahisha shangazi ni cha mwanamke, Sukanya Ramgopal. Alipotaka kujifunza chungu, Vikku mwenyewe alisita, akaona kinataka mikono ya kiume. Baba yake Vikku, mzee Harihara Sharma, ndiye aliyesema, mimi nitamfundisha. Hata alipoiva, alikutana na wapiga ngoma waliokataa kukaa jukwaa moja na mwanamke. Hakuacha. Akaja na mtindo wa kujizungushia vyungu kadhaa, kila kimoja na sauti yake, na akaunda kundi la wanawake watupu.

Shangazi aliposikia hivyo njiani akasema, "Haa! Chungu cha kupikia kinatufaa sisi, cha kushangiliwa kinawafaa wao?" Tangu hapo mpaka nyumba ya wageni hakunyamaza. Na jambo moja aliloniambia ndilo ninalokuachia wewe. Alisema hospitali kila mtu alikuwa anamsemea: mimi, daktari, mkalimani. Mle ukumbini hakuna aliyemtafsiria kitu na alielewa kila kitu. Tena wenyeji wenyewe hawakumzidi sana, maana wao ni Watamil na nyimbo nyingi za Tyagaraja ni za Kitelugu!

Tulikwenda mara nne zaidi. Zamu ya ngoma ikifika, yeye anageuka kunitazama kama nimekaa. Leo yuko nyumbani, mzima, anasema kuliko zamani, na kile chungu chake cha mchuzi hakipiti mbele yake bila kugongwa gongwa.

Kwa hiyo, wewe unayekimbilia mishikaki mwimbaji akishuka jukwaani, siku moja jaribu kubaki. Mpiga ngoma naye ana la kusema.