Siku ya Mungu, tutembeze batoto muji wetu

Wageni wakifika Likasi, wanapiga picha za nyumba za wakati wa Wabelgiji, kisha wanarudi kwao. Sisi wa Kamatanda tunapita mbele ya nyumba zile zile macho chini, tukiwaza tu bei ya mufuko. Ni vibaya. Ule muji ni jasho la bababu zetu.

Tunaomba kila jamaa jambo moja: siku ya Mungu, mukamate batoto, mutembee na miguu. Hakuna haja ya kulipa mutu wa kuonyesha njia.

Muanzie hapa Kamatanda, kwenye mashimo. Muwaambie: mukuba ulileta treni, na treni ikaleta muji. Halafu mushuke katikati. Mpaka 1966 uliitwa Jadotville, jina la Jean Jadot, mumoja wa walioanzisha Union Minière mwaka 1906. Muwaonyeshe avenue zilizonyooka, kisha mwende Kikula, muwaulize: juu ya nini mzungu aliishi kule, na mweusi huku? Barabara zenyewe zinajibu.

Mumalizie Shituru na Panda. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, na wa Panda walikuwamo. Kule Elisabethville, tarehe 9, askari walipiga risasi kwenye kiwanja cha mpira. Léonard Mpoyi, aliyesemea wafanyakazi, akauawa. Hayo wageni hawayapigi picha.

Bazee wanaojua mambo haya wanakwisha. Wengi waliacha kazi ya Gécamines mwaka 2003, katika ile « départ volontaire ». Mzee akizikwa, nyumba inabaki ukuta tu, bila jina.

Na tuseme kweli: sisi pia, tukichimba chini ya nyumba na masomo kutafuta mawe, tunaangusha muji wetu kwa mikono yetu, pengine na batu ndani. Shimo lina siku zake. Muji ndio batoto watabaki nao.

Wakubwa wa muji waweke hata vibao vidogo mahali pa kazi na mahali pa mugomo. Lakini tusiwangoje. Siku ya Mungu hii, baada ya misa, muombe mzee mumoja wa jirani awasindikize. Mutembee polepole naye, njia ya Panda ni ndefu.