Lori linatambulika mpakani, dereva je?

Makamanda, simameni pale njiapanda ya Tinde nusu saa tu. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita kuelekea Kahama na Rusumo, mengine yanaishia bandari kavu ya Isaka. Vijana wengi niliosoma nao msingi hapa Songwa wanaota kazi hiyohiyo, kushika usukani wa lori kubwa. Nafasi za mgodini ni za kuhesabu, na pamba mnajua hali yake.

Kaka yangu aliipata. Mwaka jana, ng'ambo ya mpaka, askari akaigeuzageuza leseni yake, akasema kwetu hii haitoshi. Uzito wa gari ulikuwa sawa. Bima ya kadi ya njano ipo. Pasipoti ya Afrika Mashariki ipo. Kasoro ni yeye dereva! Akatoa hela ya soda, akapita. Aliponisimulia akaniuliza, "We si unasoma sheria? Inasemaje?"

Inasema hivi. Ibara ya 90 ya Mkataba wa EAC, uliosainiwa Arusha Novemba 1999, inazitaka nchi wanachama zioanishe sheria za barabarani na ziwe na viwango vya pamoja vya mafunzo na leseni za madereva. Zaidi ya miaka 25 sasa. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari ilitungwa 2013, lori la ekseli 7 mwisho wake tani 56. Pasipoti ya kielektroniki tukaizindua 2018 kwa mbwembwe. Leseni? Kila nchi na yake, kila trafiki na tafsiri yake. Na serikali ya CCM ilikuwa mezani muda wote huo, tena makao makuu ya Jumuiya yako kwetu.

Watatujibu kwamba Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Sawa, mfundisheni dereva kuendesha kulia, mpimeni, iandikwe kwenye leseni yake. Hiyo siyo sababu ya kukaa kimya robo karne.

Jibu gumu ni lingine, na sisi wapinzani tusilikwepe: jirani haiamini leseni yetu kwa sababu hata sisi hatuiamini. Nani hapa hamjui mtu aliyepata daraja la magari makubwa bila kuligusa gari lenyewe? Tangu 2019 ni Sh 70,000 kwa miaka 5, na kuna waliolipa hiyo hela bila kuuona mtihani. Ukimtetea kaka yangu mpakani bila kusafisha mtihani nyumbani, unamtetea pia yule atakayekuja kuua watu kwenye mteremko.

Nadai vyote viwili kwa pamoja: mtihani usionunulika, na leseni moja ya EAC kwa madereva wa malori. Tuna wabunge 9 kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Waulizeni kwenye kurasa zao hoja hii wameipeleka lini.

Na wewe dereva unayesoma hapa: Ibara ya 30 inamruhusu mtu yeyote anayeishi kwenye nchi mwanachama kuishtaki nchi hiyo au nyingine mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ndiyo ileile iliyosema 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari vinavunja Mkataba. Ila muda ni miezi 2 tu. Ukizuiwa, omba karatasi. Wakikunyima, andika mahali, saa na alichosema askari, nitumie inboksi wiki hiyohiyo. Kaka aliniambia baada ya miezi mitano.