Chokaa Itangulie Lori

Floraidi huitafuta kalsiamu popote ilipo: majini, ndani ya jiwe, hata ndani ya mfupa wa mtu. Wakazi wa Bonde la Ufa la kati wanaijua tabia hii kwa kuiona midomoni mwao. Maji ya visima vingi vya Nakuru, Elementaita na Naivasha hupita katika miamba ya volkano na kutoka na floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaoyanywa huota meno ya kahawia. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilipoanza kuyasafisha maji hayo mwishoni mwa miaka ya 1990, ilitumia mkaa wa mifupa ya mifugo, kwa kuwa kalsiamu iliyomo mfupani huinasa floraidi na kuyaacha maji yakinyweka.

Meno hayo huchukua miaka kubadilika. Iko floraidi nyingine inayomaliza kazi yake kwa saa chache: haidrojeni floraidi, ambayo ni gesi, asidi ya haidrofloriki, yaani gesi hiyo ikiwa imeyeyushwa majini, na chumvi kama bifloraidi ya amonia, ambayo hugeuka asidi ikilowa. Hizi hutumika kung'arisha chuma kisichoshika kutu baada ya kuchomelewa, kuondoa kutu na madoa sugu, kuchora vioo na kuyeyusha sampuli za mawe maabarani. Chimbuko lake ni fluospa, jiwe ambalo Kenya ililichimba Kimwarer, katika bonde la Kerio, tangu miaka ya 1970 hadi kazi iliposimama katika miaka ya 2010. Fluospa ni floraidi na kalsiamu zilizoshikamana, na mtu aweza kulishika mkononi asidhurike. Asidi kali ya salfuriki ndiyo inayoziachanisha. Floraidi ikishatengwa na kalsiamu yake, huenda kuitafuta nyingine.

Ngozini ndiko inakohadaa. Asidi ya betri humchoma mtu akapiga kelele papo hapo. Asidi ya haidrofloriki ikiwa chini ya asilimia 20 inaweza kukaa hadi saa 24 bila maumivu wala wekundu. Ikiwa kati ya asilimia 20 na 50, saa moja hadi nane. Muda huo wote inapenya nyama kuelekea mfupani na kuifunga kalsiamu ya damu, na moyo usio na kalsiamu ya kutosha hupoteza mapigo. Watu wamekufa kwa asidi kali iliyogusa asilimia 2.5 tu ya mwili, yaani ukubwa wa viganja viwili na nusu. Fundi aliyemwagikiwa asubuhi, akanawa mikono, akaendelea na kazi, anaweza kufikishwa hospitali usiku, wakati dawa haina tena nguvu ambayo ingekuwa nayo mchana.

Kwa Kabazi, wadi ya eneobunge la Subukia kaskazini mwa mji wa Nakuru, hatari iko barabarani zaidi kuliko mahali pengine popote. Mizigo ya bandari ya Mombasa inayokwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita Nakuru kwa barabara kuu, na ile inayochepuka kupitia Bahati na Subukia kuelekea Nyahururu hukutana na miteremko isiyosamehe breki mbovu. Kaunti ya Nakuru imekwisha kulipa. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Wanakijiji walifika na mitungi kuchota, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 10 Desemba 2016, usiku, lori lililobeba kemikali inayowaka liligonga magari mengine Karai, Naivasha, na watu wapatao 40 wakateketea. Misiba yote miwili haikuwa ya floraidi, lakini ule wa Sachang'wan ulionyesha wazi ni nani anayefika wa kwanza: jirani, mwenye duka la kando ya barabara, kijana wa bodaboda, na wote hufika wakiwa na nia ya kusaidia au shida ya kuchota. Hoja ya makala hii inaanzia hapo. Zimamoto kutoka mjini watakuja, lakini saa ya kwanza ni ya Kabazi yenyewe, na katika floraidi babuzi saa ya kwanza huamua karibu kila kitu.

Jambo la kwanza katika saa hiyo ni kukaa mbali, na mbali kuna kipimo chake. Lori linalofuata sheria hubeba bango lenye namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa: 1052 ni haidrojeni floraidi tupu, 1790 ni asidi ya majimaji, 1727 ni bifloraidi ya amonia iliyo ngumu. Mwongozo unaotumiwa na zimamoto wa Amerika Kaskazini huanza na mita 100 kila upande kwa namba 1052 na mita 50 kwa 1790. Tangi likizungukwa na moto, umbali huwa mita 1,600 kwa ile ya kwanza na 800 kwa ya pili. Namba husomwa kutoka mbali, kwa simu yenye kamera ikibidi, kisha hutajwa kwa anayepokea simu ya 999 au 112. Kusema tu kwamba lori la kemikali limeanguka hakumsaidii mzimamoto kuchagua vazi la kuja nalo.

Upande wa kusimama nao una maana yake Kabazi kuliko kwenye tambarare. Haidrojeni floraidi huchemka kwa nyuzi 19.5 usawa wa bahari, na chini ya hapo katika mwinuko wa Nakuru, hivyo jua la mchana latosha kuifanya gesi. Ikitoka kwa wingi hujikusanya na unyevu wa hewa kuwa wingu jeupe zito linalotambaa chini. Usiku hewa baridi hushuka kutoka kwenye miinuko kwenda bondeni, na wingu huifuata. Watu wapande juu, upepo ukiwapiga mgongoni wanapolitazama lori. Nyumba za chini ya mteremko ndizo za kupigiwa simu kwanza.

Aliyemwagikiwa avuliwe nguo zote mara moja, na anayemvua avae glavu za mpira nzito. Maji mengi yanayotiririka yafuate papo hapo; kama dawa ya kalsiamu ipo, dakika tano za maji zatosha kabla ya kuipaka, na kama haipo, maji yasikatizwe hadi ipatikane. Dawa yenyewe ni jeli ya glukonati ya kalsiamu ya asilimia 2.5, inayosuguliwa taratibu na kurudiwa hadi maumivu yaishe, kwa sababu kutulia kwa maumivu ndicho kipimo cha kwamba floraidi imepata kalsiamu ya kushika na kuiacha ya mgonjwa. Kwa hiyo ganzi haifai kutangulia. Huficha kipimo hicho. Macho huoshwa kwa maji safi mfululizo, na aliyevuta gesi hiyo hupelekwa hospitali hata akisema hajambo, kwa kuwa mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Jeli hiyo ni nadra madukani, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Sindano ya glukonati ya kalsiamu ya asilimia 10 ni dawa ya kawaida ya hospitali, inayotumiwa kwa wagonjwa wa aina nyingine kabisa. Ampuli moja ya mililita 10 ikichanganywa na gramu 30 za jeli laini ya kupimia wagonjwa hutoa asilimia 2.5 ile ile. Kituo cha afya chenye vitu hivyo viwili, na karatasi moja ukutani inayoeleza mchanganyo, kimejiandaa kuliko vingi vilivyo kando ya viwanda vikubwa. Mgonjwa bado atahitaji hospitali ya rufaa mjini Nakuru, ambako kalsiamu ya damu na mapigo ya moyo hupimwa, lakini atafika akiwa ameanza kutibiwa.

Kuhusu kilichomwagika chini, mazoea ya barabarani yanapotosha. Petroli au mafuta yakimwagika, watu hutupia mchanga. Asidi ya haidrofloriki hula silika, ndiyo maana haiwekwi katika chupa za kioo, na ikikutana na mchanga hutoa tetrafloraidi ya silikoni, gesi nyingine yenye sumu. Majivu ya volkano yaliyotapakaa katika bonde hili yamejaa silika. Vivyo hivyo udongo mweupe wa Kariandusi, karibu na Gilgil, unaosifiwa kwa kunywa umajimaji. Kinachofaa ni chokaa. Magadi ya Ziwa Magadi huizimua asidi pia, lakini huacha floraidi ya sodiamu inayoyeyuka na kutiririka na mvua. Chokaa hurudisha fluospa, jiwe lile lile la Kimwarer, lisiloyeyuka kwa urahisi. Chokaa ya kujengea hufanya kazi haraka na hutoa joto. Ile ambayo wakulima hunyunyizia mashamba yenye udongo mchachu huenda taratibu na povu jingi, na huhitajika kwa wingi zaidi. Kuimwaga ni kazi ya wenye mavazi kamili na mitungi ya hewa. Wanakijiji kazi yao ni kuhakikisha magunia yapo.

Gumi, nchini Korea Kusini, ilijua gharama ya magunia yasiyokuwepo. Tarehe 27 Septemba 2012 haidrojeni floraidi ilivuja kiwandani na kuua watu watano. Zimamoto walianza na maji, chokaa ikachelewa, na upepo ukalisukuma wingu hadi vijijini, ambako mazao yalinyauka na mifugo ikaugua. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili maafa, kwa hiyo ghala la chokaa lililo umbali mfupi kutoka miteremko ya Subukia ni suala la bajeti ya Nakuru, na si la kungojea Nairobi. Ni bidhaa rahisi, haiharibiki upesi ikiwa kavu, na mwenye agroveti anaijua bei yake.

Baada ya lori kuondolewa hubaki maji ya kuoshea. Hayo hukingwa kwa matuta na kutiwa chokaa yasiingie mfereji, kwani maji ya Subukia hushuka kwa mto Waseges hadi Ziwa Bogoria. Majani yaliyopitiwa na wingu yanaweza kubeba floraidi inayoumiza meno na viungo vya ng'ombe, hata yakionekana mabichi. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na Mkemia wa Serikali ndio wa kupima udongo, majani na visima, na ng'ombe hufungiwa nyumbani kwa malisho ya kununua mpaka majibu yatoke.