Kabla Tukupigie Makofi: Hiyo Porsche Fundi Wake Yuko Wapi?

Kuna video mmeiona. Sitaji mwenyewe, juu si mtu mmoja, ni mtindo. Inaanza na picha za coupe ndogo: Toyota 86, Audi TT, chochote chenye milango miwili na eksosi ya kelele. Muziki unabadilika. Kitambaa kinavutwa na hapo iko Porsche inang'aa, utepe mwekundu juu ya boneti, mabeshte wanapiga mayowe. Chini imeandikwa: "Mungu halali." Komenti zote ni moto na makopakopa. Ukishuka kidogo unampata kijana wa miaka kumi na saba ameandika, "Siku moja na mimi."

Huyo wa kumi na saba ndiye amenifanya niandike hii. Mimi napiga kontenti ya magari hapa Huruma, na kila wiki mtu ananiuliza coupe gani aanze nayo na baada ya hapo apande hadi gani. Kama gari ni shule: coupe ni darasa la nane, Porsche ni chuo kikuu. Nasema hivi, na mnaweza kunitusi: kutoka kwa coupe hadi gari ya kifahari ya spoti, hapa Eldoret, mara nyingi si kupanda. Umelipa pesa nyingi zaidi ili gari yako isiwe na uhusiano wowote na mahali unaishi.

Najua tayari mnaandika "wivu." Andikeni. Sina gari. Natembea kwa miguu, na nikichelewa naita boda. Lakini napenda magari kuliko wengi wenu wenye mnayo, na hiyo ndiyo sababu nauliza swali lenye hakuna mtu anauliza kwa hizo video: fundi wake yuko wapi?

Tuanze na coupe. Toyota 86 na Subaru BRZ ni gari moja yenye majina mawili, zilitoka 2012. Injini ni ya Subaru, lita mbili, silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Nguvu ni kama farasi 200, uzito ni tani moja na robo hivi, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Sasa fikiria Eldoret ina Subaru ngapi. Impreza, Forester, Legacy, zimejaa kila mahali. Fundi mwenye amefungua Forester mara ishirini hawezi kuogopa boneti ya BRZ. Atalalamika tu venye plagi zake zinachubua vidole, kisha atafanya kazi. Spea ikikosa hapa, inatafutwa Kirinyaga Road kule Nairobi, inapakiwa kwa basi usiku, na kesho yake iko stendi.

Sisemi kila coupe ni rahisi. Mazda RX-8 ina injini ya rotari, na hiyo hata fundi mzuri atakuombea kwanza ndiyo ashike spana. Lakini coupe nyingi zenye mnaziona mtaani zinaishi na sisi. Zinaharibika hapa, zinatengenezwa hapa, na kuna kijana wa miaka ishirini amelala chini yake akijifunza kazi yenye itamlisha miaka arobaini.

Sasa nenda kwa Porsche 911. Cha kuchekesha ni kwamba injini yake nayo ni silinda zilizolala, sita badala ya nne. Ni binamu ya Subaru. Kwa hivyo usiniambie fundi wa Eldoret hana akili ya kuielewa. Chenye hana ni kompyuta ya kuongea na hiyo gari, ile Porsche wenyewe wanaita PIWIS, na vifaa vyake maalum. Na zaidi ya hivyo vyote, hana ruhusa. Hakuna mwenye Porsche atamwachia kijana wa gereji ya mtaani afungue hata kifuniko cha oili. Wakala wa Porsche yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Taa moja ikiwaka kwa dashibodi, gari inabebwa mgongoni mwa lori kupitia Timboroa na Nakuru kama mgonjwa wa rufaa.

Tufuate pesa basi. Ukiagiza gari ya petroli ya lita tatu kutoka nje, KRA haiangalii bei yenye ulibageni. Inaanzia kwa bei ya gari mpya ya aina hiyo, inatoa uchakavu kulingana na umri, halafu inapiga hesabu. Ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu ya hiyo jumla kuna ushuru wa bidhaa asilimia 25. Juu ya hayo yote, VAT asilimia 16. Piga kwa simu yako: kila shilingi 100 ya thamani inakuletea kodi ya karibu shilingi 96, na hapo bado hujaguswa na ada ya kuingiza mzigo na tozo ya reli. Coupe nayo inalipa, sikatai, lakini thamani ikiwa ndogo hata maumivu ni madogo. Kwa hivyo pesa ya Porsche inagawanywa hivi: sehemu imeenda nje kwa muuzaji, sehemu inayokaribia hiyo imeenda kwa serikali, na kila sevisi inayofuata inaenda Nairobi. Eldoret imebaki na nini? Petroli, kijana wa kuosha gari, na makofi yetu.

Mtu ataniambia, "Lakini ile gari inaenda." Kweli inaenda. Hata niwape pointi yenye nyinyi wenyewe hamkuijua. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa kama moja ya tano, na injini isiyo na turbo inakosa pumzi vile vile mtu wa Mombasa hukosa akija kukimbia Iten. Zile farasi 200 za 86 hapa zinakaribia 160. 911 za kisasa zina turbo mbili, zinavuta hewa kwa nguvu, kwa hivyo kwa milima yetu zinapoteza kidogo sana. Hapo Porsche imeshinda na sina ubishi.

Sasa niambie utaendea wapi. Hiyo 911 inapita kilomita 290 kwa saa. Sheria ya Kenya inakupa 50 mjini na 110 kwa barabara kuu ya njia mbili mbili. Uganda Road uko nyuma ya lori la Malaba. Ukiingia Huruma, kuna matuta yenye yamewekwa na wenyeji wenyewe, na kuna mashimo yenye hayakuwekwa na mtu. Bampa ya chini hivyo inalipa kila kilomita. Barabara tamu ya kuendesha gari huku kwetu ni ile ya kushuka kutoka Iten hadi Tambach, kona juu ya kona, Bonde la Kerio liko chini yako. Na kwa kona kama hizo, gari nyepesi yenye unaiskia kwa mikono, yenye unabadilisha gia mwenyewe, inakupa raha ukiwa bado ndani ya sheria. Porsche kwa spidi hiyo bado inapiga miayo. Umelipia farasi wenye hutawahi kuwafungulia.

Na msidhani haya ni maneno yangu tu ya mtu wa miguu. Ulizeni historia ya hii nchi. Safari Rally ya mwaka 1971 ilishindwa na Edgar Herrmann kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z hiyo hiyo. Hiyo ni coupe ya Kijapani, milango miwili. Porsche walikuja na 911 wakitaka hilo taji sana. Mwaka 1972 wakawa wa pili. Mwaka 1974 wakawa wa pili tena, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake ya lita 1.6. Mwaka 1978 wakawa wa pili mara nyingine, na gari iliyowapiga ilikuwa Peugeot 504 coupe. Enzi hizo zote hawakuwahi kushinda Safari. Si kwamba 911 ni gari mbaya. Ni kwamba barabara zetu zinauliza swali tofauti: ukivunjika katikati ya pori, nani atakurudisha barabarani kabla muda uishe? Joginder mwenyewe alikuwa fundi kabla awe dereva. Alijua kila skrubu.

Turudi mtaani, juu pingamizi lenu kubwa bado liko: "Pesa ni yake, afanye venye anataka." Sawa. Kama pesa ni yake, nunua hata mbili, moja ya kulala. Sina sheria ya kumkataza mtu. Lakini akiiweka kwa simu yangu na kuniambia niitamani, amenialika kwa hiyo hesabu, na mimi nina haki ya kuuliza. Pesa ni yake kweli? Kenya hii, gari ya mkopo huandikishwa kwa majina mawili, lako na la aliyekukopesha. Video inaonyesha namba ya gari, inaonyesha viti vya ngozi, inaonyesha saa mkononi. Sijawahi kuona hata moja imeonyesha logibuku.

Na kijana wa kumi na saba haoni hiyo logibuku. Anaona ngazi tu. Leo hana kitu, kesho coupe, keshokutwa Porsche. Akiangalia baba yake mwenye gereji, mikono myeusi, ameshika Forester ya mtu, anaona mtu aliyeshindwa na maisha. Kumbe huyo baba ndiye anafanya magari ya huu mji yatembee. Halafu kijana anaingia kwa beti, anaingia kwa darasa la forex la mtu wa Telegram, juu ngazi yenye ameonyeshwa haina kidaraja cha kazi ya mikono. Hiyo ndiyo hasara yenye inaniuma. Gari itauzwa, itapata mwenyewe mwingine. Huyo kijana hatupewi mwingine.

Huu mji si mgeni kwa pesa ya kasi. Watu wa hapa hupata mamilioni kwa saa mbili na dakika kadhaa, kwa miguu. Moses Tanui alishinda Boston Marathon 1996 na 1998, na leo hoteli yake ya Grandpri iko hapa hapa mjini, watu wanapata kazi ndani. Sisemi kila mtu ajenge hoteli. Nasema pesa inaweza kutoka nje ya nchi, ikarudi Eldoret, na ikakaa.

Sasa wale wenye mmeomoka kweli, bila mkopo, na roho yenu inataka Porsche tu: sawa, leteni. Lakini msilete gari peke yake. Chukueni fundi aliyewatengenezea coupe miaka yote, yule aliyewakopesha kazi mkiwa hamna kitu. Naamini pesa ya seti moja ya tairi za hiyo gari inaweza kununua kompyuta nzuri ya kupima magari ya Ulaya. Mnunulieni. Mlipieni mafunzo. Ongezeni kijana mmoja aliyetoka Eldoret National Polytechnic na cheti cha magari na sasa anaendesha boda. Mwachieni afungue kifuniko cha oili. Mkifanya hivyo, hiyo Porsche itakuwa imepandisha watu watatu badala ya mmoja, na mimi mwenyewe nitakuja na kamera bila kulipwa.

Na nyinyi wengine, wenye mnakaa kwa komenti: hamna haja ya kutusi mtu. Wakituma video ijayo, kitambaa kikivutwa, utepe ukionekana, msiandike moto. Andikeni swali moja tu, wote, mtaa mzima, kutoka Huruma hadi Langas hadi Kapsoya:

Fundi wako ni nani?