MASHINI YA MICHEZO: KUIKATA AU KUIUZA KIPANDE KWA KIPANDE?



Kuna ubishi mmoja unaozunguka katika madarasa yetu tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, na kengele haijaweza kuumaliza. Ni juu ya ile mashini ya michezo inayoitwa Nintendo Switch, yenye kuchezewa mkononi na kwa televizyo vilevile. Wamoja wanasema: afazali iuzwe kwa namna mbili zenye kuachana kabisa, moja ya mkononi tu, ingine ya televizyo tu, kusudi kila mtu alipe kile atakachotumia. Wengine wanajibu: hapana, kitu kilichozaliwa na kazi mbili kisinyanganywe moja. Kwa mdomo kila mmoja anapaza sauti, na mwisho hakuna anayesikia. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mbele ya kuhukumu, inafaa tujue kitu chenyewe, kwani wengi wanabishana juu ya mashini wasiyoishika hata siku moja. Switch inatengenezwa na kampuni Nintendo, yenye makao yake katika mji wa Kyoto, inchi ya Japani. Ilianza kuuzwa tarehe 3 Machi 2017. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 299.99 huko Marekani, na yen 29,980 huko Japani, bila kuhesabu kodi. Ni kama kibao chenye kioo cha santimetre karibu 16, na kila upande kuna kishikio kidogo chenye kuweza kutolewa. Ukiwa njiani, unachezea mkononi. Ukifika nyumbani, unaiweka ndani ya kisanduku kilichofungwa na waya kwa televizyo. Kisanduku hicho nitakiita «kiti», maana mashini inakaa humo. Mchezo unaendelea palepale ulipoachia, lakini sasa kwa kioo kikubwa. Na vile vishikio viwili, unaweza kumpa mwenzako kimoja, na muko wawili katika mchezo. Jina Switch, kwa Kiingereza, maana yake ni kugeuza, kuhama toka hali moja mpaka ingine. Basi jina linasema kazi.

Nyuma, tarehe 20 Septemba 2019, Nintendo walitoa mdogo wake, Switch Lite. Bei ya kuanzia: dola 199.99, au yen 19,980. Yaani mtu anabakiza dola mia moja mfukoni. Ni nyepesi, gramu karibu 275 tu, wakati kubwa pamoja na vishikio vyake inafika karibu 400. Kioo chake ni santimetre 14. Lakini vishikio vyake haviondoki, vimeshikamana na mwili. Na kwa televizyo, hapana. Hata ukinunua kile kiti, picha haitafika kwenye televizyo.

Munaona kwamba swali letu si ndoto. Nusu yake ilikwisha kufanyika: namna ya mkononi tu ilikuja, na watu waliinunua, zaidi ya milioni 20. Sasa tuulize: ilikuwa vema?

Wenye kuisifu wana sababu, na siwezi kuzitupa. Ya kwanza ni bei. Dola mia moja si majani. Kwa mzazi mwenye watoto wa kulipia masomo, hiyo ni feza ya kufikiri usiku. Ya pili, kuna watu ambao hawana televizyo, ao wanayo lakini baba ndiye mwenye kuishika kila jioni kwa ajili ya habari na mupira. Mtu wa namna ile, kiti kitamfaa nini? Ya tatu, kitu kidogo kisicho na vipande vya kuachana kinakaa vizuri ndani ya mikono ya mtoto. Ya ine, na hii inatuhusu sisi hapa, umeme unakwenda na kurudi namna unavyopenda. Mashini yenye batri haingoje mtu wa umeme.

Hizo ni sababu nzuri. Lakini angalieni: ile ya umeme si sababu ya kukata, kwa kuwa Switch kubwa nayo ina batri na inachezewa mkononi. Anayenunua kubwa hakukosa mkono. Anayenunua ndogo alikosa televizyo. Hawa wawili hawako sawasawa.

Mimi ninaona tunapashwa kuwa na kipimo. Mtengenezaji akitaka kuondoa kitu kusudi bei ishuke, tumuulize maswali mawili. Moja: je, michezo yote na wachezaji wote wanabaki? Mbili: je, siku mnunuzi akipata feza, anaweza kurudisha kile kilichoondolewa? Kama jibu ni ndiyo kwa mojawapo, sina neno. Kama ni hapana mara mbili, basi si kupunguza bei tena. Ni kumfungia mtu mlango kisha kumwambia ashukuru.

Tupime sasa. Mwaka 2011 Nintendo hao hao walitoa mashini ya mkononi iliyoitwa 3DS, yenye kuonyesha picha kama zina kina, bila kuvaa miwani. Oktoba 2013 wakatoa 2DS, ile ile bila kina, kwa dola 129.99. Je, mtoto mwenye 2DS alikosa mchezo? Hapana, michezo ya 3DS iliingia humo na ilichezeka. Je, alishindwa kucheza na mwenzake mwenye 3DS? Hapana. Kilichoondolewa kilikuwa pambo. Tena Nintendo wenyewe walikuwa wameonya kwamba watoto wadogo kupita miaka 7 wasitumie ile picha ya kina. Kukata kwa namna ile ni halali.

Tupime na namna ya televizyo tu, maana wale wa kundi la pili wanaililia. Kampuni Sony ilikuwa na mashini ya mkononi, PlayStation Vita. Novemba 2013, huko Japani, wakatoa ndugu yake asiye na kioo wala batri, kisanduku kidogo cha kufunga kwa televizyo, kwa yen karibu 10,000. Bei ilikuwa ya kupendeza kweli. Lakini Vita ilitengenezwa ili iguswe kioo na vidole, na michezo mingi ilitegemea kuguswa huko. Kwa kile kisanduku, michezo mingi ya Vita ilikataa kabisa kufunguka. Mtu alinunua mashini, akanunua mchezo, kisha akaambiwa hivi viwili havipatani. Kitu kile hakikukaa miaka mingi sokoni. Mwenye kudai Switch ya televizyo tu, akumbuke hilo. Najua kwamba michezo ya Switch iko karibu yote yenye kukubali televizyo, kwa hiyo hasara ingekuwa ndogo kuliko ile ya Vita. Lakini swali la pili linabaki: mashini isiyo na kioo, utaipa kioo siku gani?

Sasa Switch Lite yenyewe. Swali la kwanza: michezo yote inabaki? Sehemu kubwa, ndiyo. Lakini kuna michezo iliyofanywa kwa vishikio vyenye kuachana, kama vile Super Mario Party ya mwaka 2018, ambayo haichezeki mkononi, ao Ring Fit Adventure ya 2019, yenye kumfanya mtu akimbie na kuruka mbele ya televizyo. Kwa michezo hiyo mwenye Lite anapashwa kununua vishikio vingine kando. Kisha aweke wapi ile mashini? Haina hata mguu wa kuisimamisha mezani. Wachezaji wawili, watatu, wanapanga vichwa mbele ya kioo cha santimetre 14 kama watu wenye kusoma barua moja. Kweli, mashini mbili zinaweza kuongea bila waya. Lakini hapo kila mmoja analeta mashini yake, na mara nyingi mchezo wake pia. Swali la pili: anaweza kurudisha televizyo nyuma? Hata kidogo. Siku akiitaka, atanunua mashini ingine nzima. Dola 200 na dola 300 ni dola 500. Yule aliyetafuta bei rahisi ndiye aliyelipa kupita wote.

Na kuna jambo la matengenezo. Wenye Switch wengi walilalamika kwamba vile vijiti vya vishikio vinaanza kusogeza mchezaji vyenyewe bila kuguswa. Huko Marekani neno hili lilifika mpaka mbele ya waamuzi mwaka 2019. Kwa Switch kubwa, unatoa kishikio kibovu, unaweka kingine, unaendelea. Kwa Lite, kijiti kikiharibika, mashini nzima inakwenda kwa fundi, na wewe unabaki mikono mitupu.

Lakini nisiseme tu kile kibaya. Kuna njia ingine, na Nintendo wenyewe waliijaribu. Mei 2018, huko Japani, katika duka lao wenyewe, waliuza Switch ile kubwa bila kiti, bila waya wa televizyo, bila chombo cha kuchajia: yen 24,980, mahali pa 29,980. Fikiri yao ilikuwa kwamba nyumba yenye kiti tayari haina lazima ya cha pili. Mwili wa mashini ulikuwa ule ule, haukukatwa. Maana kile kiti hakifikiri. Kazi yote ya mchezo inafanyika ndani ya mashini yenyewe, na kiti kinapitisha tu picha na umeme. Basi mtu ananunua mwili leo, kiti anakinunua mwaka ujao, vishikio vingine siku ya baraka. Haba na haba hujaza kibaba. Hii ndiyo ninayoita kuuza kipande kwa kipande, na ndiyo ninayoitetea.

Mwenzangu mmoja mwenye hesabu kali aliniambia: «Wewe, kwa njia yako mtu anapunguziwa yen 5,000 tu, wakati Lite inampunguzia 10,000.» Hesabu yake ni sawa. Lakini ile yen 5,000 ya katikati si feza ya bure. Ni bei ya mlango. Anayeilipa anabaki na uwezo wa kuingia televizyo siku yoyote, na uwezo wa kumpa mwenzake kishikio leo hii. Kama Nintendo wangetaka kushusha zaidi, wangeweka kioo cha bei ndogo, wangeondoa mapambo, bei ingefika karibu na ile ya Lite bila kukata kazi yenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wa neno langu. Nani anayenunua ile iliyokatwa? Mara nyingi ni yule mwenye feza kidogo. Tajiri ananunua kubwa, na akipenda anaongeza ndogo kwa safari. Lakini mwenye feza kidogo ndiye mwenye kuhitaji zaidi kitu kimoja chenye kutumikia watu wengi! Katika nyumba ya watoto watano, mashini moja kwa televizyo moja ni mchezo wa watoto watano. Mashini ya mkononi tu ni mchezo wa mtoto mmoja na ugomvi wa wane. Hivi bei rahisi inamwambia masikini: «Cheza peke yako.» Hilo sikubali. Anayepunguziwa bei asipunguziwe wenzake.

Tena kuna neno lenye kutugusa sisi watu wa Kongo. Batri za litiumu za vyombo hivi vya mkononi mara nyingi zinatengenezwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yenye kuchimbwa duniani inatoka katika inchi yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Tunajua udongo ule unatoka namna gani, na kwa mikono ya nani. Mashini mbili zenye kufanya kazi ya moja ni batri mbili mahali pa moja. Wale wenye kusema «kila mtu anunue namna yake» wasisahau kwamba kila namna inaanza ndani ya shimo.

Neno hili halikupita na wakati. Tarehe 5 Juni 2025 Switch 2 ilianza kuuzwa, nayo ya mkono na televizyo, kwa dola 449.99 huko Marekani. Bei ikipanda namna hii, kilio cha kutaka ndogo yenye bei rahisi kitapanda nayo, na ni haki. Mimi pia ninataka ndogo yenye bei rahisi. Lakini waiuze bila kiti, wala wasiikate. Na sisi, tukiombwa shauri na mjomba ao dada aliye Ulaya mwenye kutaka kutuma zawadi, tusiangalie bei peke yake. Tumuulize kwanza: ni watu wangapi watakaocheza?

Hayo ndiyo mawazo yangu. Wale wa kundi lingine, ukurasa uko wazi, waandike, tutawasoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano